Cicely Tyson na gharama ya kukataa

Kwa miaka mingi magazeti ya Marekani yalipishana juu ya umri wa Cicely Tyson. Vitabu vya rejea viliandika kuwa alizaliwa mwaka 1933. Ukweli ni kwamba alizaliwa tarehe 19 Desemba 1924 jijini New York, na ile miaka tisa ilipunguzwa makusudi alipoanza kutafuta kazi. Aliingia kwenye uigizaji akiwa mtu mzima tayari, na biashara ya filamu haina subira na mwanamke aliyevuka thelathini. Cha kuchekesha ni kwamba mwanamke huyohuyo aliyejipunguzia tisa kwenye karatasi ndiye aliyekuja kuitikisa nchi nzima kwa kujiongezea sitini usoni. Usiku wa tarehe 31 Januari 1974, kituo cha CBS kilirusha filamu ambayo ndani yake Tyson alikuwa kikongwe wa miaka 110, na watazamaji wengi hawakuamini kwamba chini ya yale makunyanzi kulikuwa na mwanamke ambaye hata hamsini hajafika.

Huku kwetu jina lake halijawahi kuvuma kama la Whoopi Goldberg au Angela Bassett. Wanaomfahamu humtaja kama mama yake Kunta Kinte wa "Roots", au kama yule bibi wa kwenye filamu za Tyler Perry. Hawajakosea, lakini wameshika mwanzo wa nguo na pindo lake, katikati pote wamepaacha. Ukiipanga kazi yake mwaka kwa mwaka unaona mtu aliyekaa bila kazi kwa hiari yake, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu alichokuwa akiletewa hakikumpendeza. Na unaona pia kwamba sinema, yenye mazulia mekundu na majina makubwa, haikumfaa kitu katika mingi ya miaka hiyo. Kilichombeba ni kile kisanduku cha sebuleni ambacho watu wa sinema walikuwa wakikidharau.

Wazazi wake, William na Fredericka, walihamia New York kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi kilichokuwa chini ya Waingereza. Baba alikuwa seremala na mpaka rangi. Mama alifanya kazi za majumbani. Walilea watoto wao Harlem ya Mashariki, katika nyumba ambamo kanisa lilitangulia kila kitu. Cicely aliimba na kupiga piano kanisani, na udogoni aliuza mifuko ya kubebea bidhaa mitaani ili kuongeza senti nyumbani. Sinema haikuruhusiwa. Kwa mama yake, jumba la sinema lilikuwa mlango wa dhambi, na hilo halikuwa na mjadala.

Alipomaliza shule alipata kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya Msalaba Mwekundu. Wakati huo alikuwa tayari mzazi wa binti, jambo ambalo alilificha kwa ulimwengu kwa karibu maisha yake yote. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba siku moja aliinuka mbele ya wenzake ofisini akatangaza kuwa Mungu hakumleta duniani aje kugonga taipureta mpaka kufa. Akaingia kwenye uanamitindo, picha zake zikaanza kutokea magazetini, na kutoka hapo akaitwa kujaribu uigizaji. Mama aliposikia, alimfukuza nyumbani. Waliishi karibu miaka miwili bila kusemezana.

Aliyemwona mwanamke huyu uzeeni, amenyooka mgongo na kofia pana kichwani, akiongea kama mchungaji, anaweza kudhani mama alishindwa na binti akashinda. Mimi naona walikuwa wa ukoo mmoja sana. Ile hukumu ya mama, kwamba kuna mambo mtu wa heshima hayafanyi hata kwa fedha, binti aliibeba mpaka Hollywood. Alichobadilisha ni orodha ya mambo yenyewe.

Jina lake lilianza kusikika mwaka 1961, katika ukumbi mdogo wa St. Mark's Playhouse jijini New York, ulipopandishwa jukwaani mchezo wa Mfaransa Jean Genet uitwao "The Blacks". Tazama waliokuwa wakigawana jukwaa lile: James Earl Jones, Roscoe Lee Browne, Louis Gossett Jr., Godfrey Cambridge, Maya Angelou. Hakuna aliyekuwa staa bado. Mchezo ulionyeshwa zaidi ya mara 1,400, na kwa kizazi kile cha waigizaji weusi ulikuwa ndio chuo chao kikuu.

Kabla ya hapo palikuwa na suala la nywele. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Tyson alipewa nafasi ya mwanamke wa Kiafrika katika mchezo wa runinga uliokuwa ukirushwa moja kwa moja. Alijiuliza mwanamke yule angekuwaje na nywele zilizonyooshwa kwa kitana cha moto, akaona haiingii akilini. Akaenda kwa kinyozi Harlem, akamwambia akate zote ziwe fupi kisha azioshe zirudi katika hali yake. Alivyotoka ndivyo alivyobaki. Mwaka 1963 CBS ilipoanzisha tamthilia ya kila wiki iitwayo "East Side/West Side", yenye kisa cha ofisi ya ustawi wa jamii, George C. Scott akiwa mhusika mkuu, Tyson alichukuliwa kuwa katibu wa ofisi, Jane Foster. Nywele zake fupi za asili zikaingia sebuleni kwa Wamarekani kila wiki.

Leo ni vigumu kueleza uzito wa jambo hilo kwa kijana anayepita mtaani na afro yake bila kutazamwa mara mbili. Wakati ule mwanamke mweusi wa Marekani aliyetoka nje na nywele ambazo hazijanyooshwa alionekana hajajitengeneza, mtu wa kuonewa huruma au kusemwa. Tyson alisimulia kwamba wenye saluni walimwandikia barua kulalamika: wateja wao walikuwa wakija wakitaka kukatwa kama yule dada wa kwenye runinga, kisha hawarudi tena kunyoosha. Biashara ilikuwa ikiyumba. Hakubadilisha.

Tamthilia yenyewe haikudumu. Ilisema wazi juu ya umaskini na ubaguzi, baadhi ya vituo vya majimbo ya kusini vikakataa kurusha sehemu mojawapo, na baada ya msimu mmoja wa sehemu 26 ikafungwa. Tyson akaendelea kuokota kazi hapa na pale: tamthilia ya mchana ya "The Guiding Light", filamu ya "A Man Called Adam" mwaka 1966 akiwa na Sammy Davis Jr., "The Comedians" mwaka 1967 iliyotokana na riwaya ya Graham Greene kuhusu Haiti, na "The Heart Is a Lonely Hunter" mwaka 1968. Baada ya hapo, upande wa filamu, kimya cha karibu miaka minne.

Kimya hicho kina maelezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hollywood iligundua kuwa watazamaji weusi wa mijini wana fedha za kununua tiketi. "Shaft" ilitoka mwaka 1971, "Super Fly" mwaka uliofuata, na nyuma yao msururu wa filamu za bastola, wauza unga na makahaba. Waigizaji weusi ambao hawajawahi kuitwa sasa walikuwa wakitafutwa kwa tochi. Sitaki kuzidharau filamu zile. Nyingine zina muziki ambao haujapitwa na mtu, na Pam Grier aliingia kwa mlango huo akawa malkia kwa njia yake. Lakini Tyson alizikataa. Alisema hataigiza kahaba wala mtumwa wa dawa za kulevya kwa ajili ya kuchekesha au kusisimua watu. Mtu akisikia hivyo leo anapiga makofi. Ila wakati ule ulikuwa ni uamuzi wa mwanamke mwenye karibu miaka 47, asiye na mshahara mwingine, anayekataa kazi pekee zilizopo sokoni.

"Sounder" ilimkuta katika hali hiyo. Mwongozaji Martin Ritt alikuwa akitengeneza filamu kutokana na kitabu cha watoto cha William H. Armstrong, skripti ikiwa ya Lonne Elder III, mwandishi mweusi. Kisa ni cha mwaka 1933 huko Louisiana: familia ya mkulima anayelima shamba la tajiri kwa kugawana mavuno. Njaa inamfanya baba, Nathan Morgan, aibe nyama, anafungwa, mama, Rebecca, anabaki na watoto, shamba na mbwa aitwaye Sounder. Tyson alifikiriwa kwanza kwa nafasi ndogo ya mwalimu, kwa kuwa waliona ni mrembo mno na mwembamba mno kuwa mke wa mkulima. Akang'ang'ania nafasi ya Rebecca hadi akapewa.

Kuna sehemu moja ambayo kila anayeiandika filamu hiyo huitaja, nami siwezi kuiruka. Nathan anarudi kutoka kifungoni akichechemea, bado yuko mbali barabarani, na Rebecca anamtambua. Anatoka mbio. Mwigizaji mwingine angekimbia kwa madaha, kama wanavyokimbia kwenye filamu za mapenzi. Tyson anakimbia ovyo, mikono haina mpangilio, gauni linamzuia, mwili wa mtu aliyelima jua zima na ambaye kwa mwaka mzima hajapata sababu ya kukimbia. Hakuna neno la maana linalosemwa pale, na hakuna linalohitajika.

Filamu ilitoka mwaka 1972. Tyson na Paul Winfield, aliyeigiza Nathan, wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar. Mwaka huohuo Diana Ross aliteuliwa kwa "Lady Sings the Blues", ikawa mara ya kwanza wanawake wawili weusi kushindania tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa pamoja. Liza Minnelli akaichukua kwa "Cabaret".

Kilichombadilisha Tyson, kwa maelezo yake mwenyewe, kilitokea katika ziara za kuitangaza filamu hiyo. Mwandishi wa habari mmoja Mzungu alisimama akakiri kwamba alijisikia vibaya alipomsikia yule mtoto mweusi kwenye filamu akimwita baba yake kwa neno lilelile ambalo mwanawe nyumbani humwita yeye. Hakuwa anatukana. Alikuwa anasema kweli: hadi siku ile hakuwahi kufikiri kwamba watu wale nao wana baba wa kuitwa baba. Tyson alisema hapo ndipo alipojua kwamba kuigiza tu hakutoshi, na kwamba kuanzia hapo kila kazi atakayoikubali itakuwa jibu kwa mtu yule.

Sasa turudi kwa kikongwe wa miaka 110. Ernest J. Gaines, mzaliwa wa Louisiana, alitoa mwaka 1971 riwaya iitwayo "The Autobiography of Miss Jane Pittman". Aliiandika kana kwamba ni tawasifu, sauti ya bibi aliyezaliwa utumwani na kuishi hadi wakati wa harakati za haki za kiraia, na aliifanya vizuri kiasi kwamba wasomaji wengi waliamini bibi huyo yupo. Studio za sinema zingeweza kuichukua. CBS ndiyo iliyoifanya, ikiongozwa na John Korty. Tyson alikwenda kwenye nyumba za kutunzia wazee kukaa nao na kuangalia wanavyotembea na wanavyoongea. Mafundi wawili vijana wa kubadilisha sura, Rick Baker na Stan Winston, ambao baadaye wangetawala fani hiyo Hollywood, walimfanyia kazi kwa saa kama sita kila alipotakiwa kuwa kikongwe.

Mwisho wa filamu ile haumo kwenye riwaya. Gaines anamwacha bibi yake pale anapoamua kwenda mjini na waandamanaji. Filamu inamfuata mpaka mwisho wa safari: Jane anatembea peke yake na mkongojo wake kuelekea mahakamani, mbele ya askari, hadi kwenye bomba la maji ya kunywa lililoandikwa kuwa ni la Wazungu pekee. Kamera haina haraka. Anakwenda kwa hatua za umri wake, na mtazamaji analazimika kuzihesabu naye zote. Anainama, anakunywa, anarudi. Kuna wahakiki walioona kwamba nyongeza hiyo imeirahisisha riwaya, imempa mtazamaji faraja ambayo Gaines aliikataa makusudi. Wana hoja. Lakini hoja hiyo inakuwa ngumu kuishikilia ukishamtazama Tyson akiitembea ile njia.

Filamu ilipata tuzo tisa za Emmy, mbili zikiwa za Tyson. Na mjini Central Falls, jimbo la Rhode Island, katika familia maskini iliyokuwa na runinga moja mbovu na juu yake nyingine iliyokuwa ikifanya kazi kwa kubembelezwa, mtoto wa kike aitwaye Viola Davis alimwona mwanamke anayefanana na mama yake akifanya kazi ile. Davis amesimulia mara kwa mara kwamba siku hiyo ndiyo alijua anataka kuwa nani.

Miaka iliyofuata runinga ilimpa Tyson kile ambacho sinema haikumpa zaidi ya mara moja: wanawake wenye majina na historia. Mnamo Januari 1977 kituo cha ABC kilirusha "Roots" kwa usiku nane mfululizo, na sehemu ya mwisho ilitazamwa na watu wanaokadiriwa kufika milioni 100. Tyson alikuwa Binta, mama yake Kunta Kinte, na Maya Angelou, mwenzake wa mchezo wa Genet, alikuwa bibi. Nafasi ya Binta ni ya usiku wa kwanza tu. Hata hivyo ndiye anayeifungua hadithi, kwa uchungu wa kuzaa. Mtazamaji wa upande huu wa bahari atatabasamu kidogo akikiangalia kijiji chenyewe cha Juffure, ambacho hakikupigwa picha Gambia bali Georgia, kimefagiliwa usafi wa kupita kiasi na kila mtu ametulia kama yuko ibadani. Tyson ndiye anayeweka nyama kwenye mifupa ile. Kunta anapokuwa kijana wa jando na hapaswi tena kulelewa kama mtoto, Binta anamtazama kwa hasira na fahari vikipigana usoni mwake, na kwa dakika hizo kijiji kinakuwa kijiji.

Mwaka 1978 alikuwa Coretta Scott King katika "King", Paul Winfield akiwa mumewe tena, na mwishoni mwa mwaka huohuo alikuwa Harriet Tubman katika "A Woman Called Moses", mwanamke aliyetoroka utumwani kisha akarudi mara kwa mara kuwatorosha wengine. Mwaka 1981 aliigiza Marva Collins, mwalimu wa Chicago aliyeacha kazi ya serikali akaanzisha shule yake, na aliyekuwa mume wake kwenye filamu hiyo ni Morgan Freeman, wakati huo bado hajajulikana sana.

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo ambalo wanaomsifu huwa hawalisemi. Heshima nayo inaweza kuwa kifungo. Ukizitazama filamu hizi kwa kufuatana unachoka kidogo, na uchovu huo hautokani na uigizaji. Rebecca, Jane, Binta, Coretta, Harriet, Marva: wote wanavumilia, wote wana hekima, hakuna mwenye wivu wa kijinga, hakuna anayedanganya, hakuna anayetamani mwanamume na kuaibika. Tyson alikuwa amejitwika kumjibu yule mwandishi wa habari, na jibu lilihitaji wanawake wasio na doa. Waandishi wa skripti, karibu wote wanaume, waliipokea hali hiyo kwa furaha, maana mtakatifu ni rahisi kumwandika. Katika "A Woman Called Moses" unamwona akihangaika kutafuta mtu ndani ya sanamu aliyoandikiwa, na mara kadhaa hampati.

Nje ya kamera maisha hayakuwa safi hivyo. Alijuana na Miles Davis, mpiga tarumbeta, tangu miaka ya 1960. Uso wa Tyson, wa upande, ndio uliomo kwenye jalada la albamu ya Miles, "Sorcerer", ya mwaka 1967. Mwaka uliofuata Miles alimwoa Betty Mabry, na wa kwenye jalada jingine akawa Betty, katika albamu iliyobeba jina la mlima wetu, "Filles de Kilimanjaro". (Jina hilo lilitokana na kampuni ya kahawa ambayo Miles alikuwa na hisa zake; hakuwa amepanda Marangu.) Miaka zaidi ya kumi baadaye Tyson na Miles walirudiana, naye Tyson akamkuta amedhoofishwa na kokeini na maradhi. Walifunga ndoa Novemba 1981 nyumbani kwa Bill Cosby, mfungishaji akiwa Andrew Young, mchungaji na mwanasiasa. Miles alipopata kiharusi mwaka uliofuata ni Tyson aliyemhangaikia hadi mkono ukarudi kushika tarumbeta. Mwanamume mwenyewe alikuwa mgumu, mwenye wanawake wengine, na baadhi ya aliyoyaandika juu ya mkewe katika kitabu chake hayafai kurudiwa hapa. Ndoa ilivunjika mwishoni mwa muongo huo. Mwanamke aliyekataa kuigiza wanawake wanaodhalilishwa alivumilia ya kwake kwa miaka, na hakulisema hilo kwa uwazi hadi alipokaribia mwisho wa maisha yake.

Miaka ya 1980 na 1990 naipita haraka kwa kuwa kazi zilikuwa chache na nyingi hazikulingana naye. "Fried Green Tomatoes" ya mwaka 1991 inapendwa, lakini nafasi yake mle ni ndogo. Emmy ya tatu ilikuja mwaka 1994 kwa "Oldest Living Confederate Widow Tells All", akiwa Castalia, mjakazi aliyewahi kuwa mtumwa.

Kisha, katika umri ambao wenzake walikuwa wameshastaafu au kuzikwa, akaanza upya. Mwaka 1985 alikuwa ameiona filamu ya "The Trip to Bountiful", Geraldine Page akiigiza Carrie Watts, bibi anayetoroka kwenye fleti ya mwanawe ili akakione kijiji alichozaliwa. Akamwambia wakala wake amtafutie "Bountiful" yake, akishaipata atapumzika. Alingoja karibu miaka 28. Mwaka 2013 ikapandishwa Broadway kwa waigizaji weusi, yeye akiwa Carrie. Kila alipofikia wimbo wa kanisa uliomo kwenye mchezo, watazamaji walianza kuimba naye bila kuombwa, kama wako Jumapili. Juni mwaka huo alichukua tuzo ya Tony akiwa na miaka 88. Ahadi ya kupumzika hakuitimiza: mwaka 2015 alirudi Broadway katika "The Gin Game", wahusika wawili tu, wanacheza karata na kugombana jukwaani, mwenzake akiwa James Earl Jones, miaka 54 baada ya St. Mark's. Mwaka 2016 Rais Obama alimvisha Nishani ya Uhuru. Novemba 2018 akapewa Oscar ya heshima, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Tuzo ni jambo moja, mshahara ni jingine. Tyler Perry, aliyemtumia katika filamu zake kadhaa kuanzia "Diary of a Mad Black Woman" ya mwaka 2005, alieleza hadharani kwamba kwa "Sounder", filamu iliyomfikisha kwenye Oscar, Tyson alilipwa dola 6,000. Perry alisema hilo lilimuuma, na kwa sababu hiyo alimlipa dola milioni moja kwa kazi ya siku moja katika "Why Did I Get Married Too?". Filamu hiyo ya 2010 haifikii hata kisigino cha "Sounder". Lakini wasomi wanaopenda kumsema vibaya Perry kwa vichekesho vyake vya bibi Madea wangefaa kuuliza studio zenye majina makubwa zilimlipa nini mwanamke huyu kwa miaka arobaini.

Kitabu cha maisha yake, "Just as I Am", chenye dibaji ya Viola Davis, kilitoka Jumanne ya tarehe 26 Januari 2021. Ndani yake aliongea kuhusu binti aliyemzaa akiwa bado msichana, kuhusu Miles, kuhusu mambo aliyokuwa ameyafunika kwa miaka sabini. Wiki hiyo bado alikuwa akifanya mahojiano ya kukitangaza. Alhamisi akafariki, akiwa na miaka 96.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, na ana saa moja tu, sitampeleka kwa Jane Pittman wala kwa Rebecca. Nitampa sehemu ya "How to Get Away with Murder" iliyorushwa Februari 2015. Viola Davis ni Annalise Keating, wakili maarufu ambaye maisha yake yamemporomokea. Tyson ni mama yake, Ophelia, aliyekuja na sanduku lake kutoka kusini na ulimi usio na breki. Wanagombana vibaya sana. Utotoni Annalise alibakwa na mjomba wake, na anaamini mama alijua akanyamaza. Kisha mwanamke huyu mzima, wakili anayetisha mahakama, anakaa chini sakafuni katikati ya magoti ya mama yake, na mama anamchana. Kila aliyekulia kwetu anakijua kikao hicho, kichwa kinavutwa, shingo inauma, na huna pa kwenda. Akiwa anachana, Ophelia anamweleza jinsi nyumba yao ilivyoungua usiku mmoja zamani, mjomba akiwa ndani amelewa, na kiberiti kilikuwa mkononi mwa nani.

Hapo hakuna mtakatifu. Ni muuaji, anapenda pombe, ana maneno machafu, anamdharau mkwe wake hata baada ya kufa, na hajuti hata kidogo. Tyson anamfurahia kwa namna ambayo sijaiona katika kazi zake za miaka ya 1970, anachelewesha neno, anaachia nusu ya tabasamu mahali ambapo hapafai kabisa. Aliteuliwa kuwania Emmy mara tano kwa nafasi ya Ophelia na hakuipata hata mara moja. Uteuzi wa mwisho ulikuja mwaka 2020, akiwa na miaka 95, tuzo ikaenda kwa Cherry Jones wa "Succession".